Kamera inatetemeka, nyingine imeng'oka: kufunga kamera kwenye gari la spoti

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina gari la spoti la viti viwili, lenye paa gumu, na halina kizimba cha mabomba ya chuma ndani. Naenda nalo kwenye saketi siku za mazoezi na ninapenda kurekodi. Nina kamera ndogo mbili. Ya kwanza nimeibandika kwenye kioo cha mbele kwa ndani, kwa kikombe cha kunyonya chenye mkono mrefu, ili ione usukani na barabara. Injini ikipanda mizunguko, picha inacheza kama maji kwenye karai. Ya pili niliiweka juu ya boneti. Iling'oka kwenye kona ya kasi na sijaiona tena. Mwandaaji ameniambia nisirudi na kamera ya nje mpaka nimwonyeshe nimeifunga vipi. Nifungeje? Na je, ninunue kamera bora zaidi?

Jibu: Kamera bora haitakusaidia, kwa hiyo hiyo pesa iache kwanza. Matatizo yako mawili ni tatizo moja: urefu wa mkono unaobeba kamera.

Tuanze na ile inayotetemeka. Mkono ulioshikwa upande mmoja na kubeba mzigo upande wa pili hupoteza ugumu haraka kuliko watu wanavyodhani. Ukiurefusha mara mbili, unapinda kirahisi mara 8. Hapo bado hujahesabu viungo vya kukunjia, ambavyo kila kimoja kina ulegevu wake. Sasa injini ya silinda 4 ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mafuta yanawaka ndani yake mara 200 kila sekunde. Mkono nao una mtikisiko wake wa asili, na pale mitikisiko hiyo miwili inapolingana, mkono unaanza kucheza hata barabara ikiwa laini. Sensa ya kamera kwa kawaida haisomi picha yote kwa mpigo mmoja, inasoma mstari baada ya mstari. Kamera ikisogea kabla usomaji haujaisha, mistari inayofuata inaangukia pengine, ndiyo hayo mawimbi unayoyaona. Programu za kuhariri zinapunguza kidogo, lakini usizitegemee.

Kuna jaribio rahisi. Gari likiwa limesimama nje, gia huru, breki ya mkono imevutwa, washa kamera na upandishe mizunguko polepole. Utaona eneo fulani ambako picha inaharibika kisha inatulia. Rudia ukiwa umeubana mkono kwa vidole karibu na kamera. Picha ikitulia, umempata mhalifu.

Dawa ni mkono mfupi kadiri inavyowezekana, viungo vichache, na kamera ishikwe sehemu mbili badala ya moja. Kwa gari lako mahali ninapopapenda ni kati ya viti viwili, nyuma kidogo ya mabega, usawa wa macho ya dereva. Hapo kamera inaona mikono, usukani, mshale wa mizunguko na kona inayokuja, na mtazamaji anaelewa kwa nini umegeuza usukani pale ulipogeuza. Kama egemeo la kichwa la kiti cha abiria lina nguzo mbili za chuma, funga klempu kwenye nguzo zote mbili, uziunganishe kwa kipande kifupi cha bomba la alumini, kamera ikae juu ya bomba. Kisha ondoa ulegevu wa kiti chenyewe: kisukume mpaka mwisho wa reli, hakikisha kimenasa, na ufunge mkanda wake ukiwa umekaza. Kama egemeo limeungana na kiti, tafuta fremu ya chuma nyuma ya viti. Usifunge kwenye plastiki ya mapambo, nayo inatikisika kuliko kamera.

Ila ukiwa na mkufunzi kiti cha pembeni, hiyo klempu iondoe kabisa. Iko karibu mno na kichwa chake. Siku hiyo rudi kwenye kioo cha mbele, chini katikati, kikombe kikiwa na kamera iliyokigusa karibu kabisa, bila mkono. Utapoteza usukani kwenye picha, na ni sawa. Kokote utakakofunga, jiepushe na njia ya mifuko ya hewa ya usalama, na usisahau ile inayoshuka kutoka pembeni mwa paa juu ya milango kama gari lako linayo.

Kuhusu uimara wa ndani, mimi hutumia kipimo kimoja. FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, inataka vishikizo vya mitungi ya kuzimia moto kwenye magari ya mashindano vihimili mpunguo wa kasi wa g 25, yaani mara 25 ya uzito wa kawaida wa kitu. Kamera ya gramu 150 katika hali hiyo inavuta kama mzigo wa karibu kilo 4. Shika kishikizo chako ukivute kwa nguvu hiyo. Kikikubali, basi.

Sasa ile ya boneti. Watu husema upepo umeing'oa, lakini tupige hesabu. Uso wa kamera wa sentimita 7 kwa 5, gari likienda kilomita 200 kwa saa, unasukumwa na upepo kwa nguvu ya takriban nyutoni 7, yaani kama uzito wa gramu 700. Kwa kilomita 100 ni robo ya hapo, maana nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 8, kikiwa kimetolewa hewa yote, kingeshikiliwa na hewa ya nje kwa nyutoni karibu 500. Hata kikifikia sehemu ndogo tu ya hapo, upepo peke yake hauwezi kukivuta moja kwa moja. Kinachotokea ni kwamba mkono unafanya kazi ya wenzo: kamera inasukumwa nyuma, ukingo wa mbele wa kikombe unainuliwa kidogo, unarudi, unainuliwa tena, na kila mara hewa kidogo inapenya. Boneti inasaidia maangamizi. Bati lake ni jembamba na linatikisika, mara nyingi limepinda, na joto la injini linatanua ile hewa kidogo iliyobaki chini ya kikombe na kuulegeza mpira wake. Ndiyo maana kikombe kinachoshika vizuri mwanzo kinaachia baadaye, gari likiwa limeshapata moto.

Kwa nje, basi, usibandike kama unaweza kufunga kwa nyuzi za bolti. Kwenye bampa za magari mengi kuna kifuniko kidogo, na nyuma yake tundu la kukazia ndoano ya kuvutia gari. Tundu hilo limeshikamana na mwili wa gari. Bolti yenye nyuzi zinazolingana, na breketi fupi juu yake, inakupa msingi imara kuliko kikombe chochote. Angalia mambo mawili: kwenye magari mengine nyuzi hizo zinakaza kuelekea kushoto, na waandaaji wengi wanataka ndoano ya mbele iwe imefungwa muda wote. Tumia tundu la nyuma. Picha ya chini, karibu na lami, inaonyesha kasi kuliko ya juu, na ikitazama nyuma lenzi haipigwi na kokoto.

Ukilazimika kutumia kikombe nje, kiweke kwenye kioo cha dirisha la pembeni nyuma au bati nene lisilo na mkunjo. Futa sehemu zote mbili kwa spiriti, zikauke, kisha bandika. Rangi isiyong'aa na plastiki yenye vinyweleo havifai. Utepe wa povu wa pande mbili, ule wa 3M VHB, ni mzuri kwenye rangi nzuri, lakini gundi yake inahitaji karibu saa 72 kufikia nguvu kamili. Kubandika asubuhi ya siku ya mbio ni kujidanganya.

Kisha waya wa usalama. Waya mwembamba wa chuma, uliofungwa kwenye fremu ya kamera upande mmoja na kwenye gari lenyewe upande wa pili. Wengi huufunga kwenye kikombe, kwa hiyo kikombe kikitoka kinaondoka na kila kitu. Uwe mfupi kiasi kwamba kamera ikiachia haiwezi kufika kwenye tairi wala kupigapiga kioo.

Mipangilio nitaipitia haraka. Kituliza picha cha kamera kizime kwa kamera ya ndani. Jiroskopu yake, yaani kihisi cha mzunguko, inahisi gari likigeuka na kujaribu kulipinga, matokeo yake dashibodi inaonekana kuogelea. Fremu 60 kwa sekunde zinatosha. Mchana wa jua kali, kamera hizi nyingi haziwezi kufinya tundu la lenzi, kwa hiyo zinaongeza kasi ya shata, yaani zinafupisha muda wa kupokea mwanga, na kila fremu inakatika kama kisu huku mtikisiko ukionekana zaidi. Filta ya kupunguza mwanga ikikurudisha karibu na sekunde 1/120 itakusaidia, mradi kamera haitetemeki, maana ikitetemeka utapata ukungu badala ya mawimbi. Weka kitambaa cheusi kisichong'aa juu ya dashibodi, kikiwa kimebanwa vizuri, ili kisiakisi kwenye kioo. Kurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde kunakula gigabaiti 15 kila dakika 20, hivyo chukua kadi yenye alama ya V30, inayoonyesha kasi yake ya kuandika. Maikrofoni ya pembeni ndani ya buti, imefunikwa sifongo, inachukua mlio wa eksozi bila upepo.

Kabla ya kumwendea mwandaaji, soma kanuni za saketi yenyewe. Nürburgring Nordschleife, Ujerumani, kwa mfano, inakataza kurekodi video siku zinazofunguliwa kwa madereva wa kawaida, hata ukifunga vizuri namna gani. Kama kwako kunaruhusiwa, mpelekee gari kamera ikiwa imeshafungwa, mwonyeshe waya umeanzia wapi na kuishia wapi, kisha mwachie aitikise mwenyewe kwa mkono. Inatakiwa gari liyumbe kwenye springi zake kabla kamera haijasogea. Na wazo la kubandika kamera juu ya helmeti, kama unalo, usimtajie. Helmeti imetengenezwa iteleze ikigusa kitu, na kamera juu yake inazuia hilo na kuizungusha shingo.