Shusha kwanza, kufuta baadaye

Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na faili linaitwa "CV mpya ya mwisho (2)". Pembeni yake kulikuwa na jingine, "CV mpya ya mwisho KABISA". Nilipoyafungua yote mawili, hilo la kwanza ndilo lililokuwa jipya. Siku hiyo nikakubali kwamba nimezidiwa.

Nilikuwa na akaunti nne za kuhifadhi mafaili mtandaoni: mbili za Google (moja ya kuombea kazi, nyingine ya tangu chuo, ambayo jina lake silitaji mbele za watu), OneDrive na Dropbox. Google wanakupa GB 15 za bure, ila barua pepe, Drive (hifadhi yao ya mafaili) na picha vyote vinakula kwenye sahani hiyo moja. OneDrive ni GB 5, Dropbox GB 2. Kila akaunti ilipojaa nilihamia nyingine, kama mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba, na kila nilipohama nilibeba vitu vilevile.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la pupa. Nilifungua folda ya hifadhi mojawapo humo humo kwenye kompyuta, nikaona mafaili yanayojirudia, nikaanza kufyeka. Sikujua, au nilijua nikasahau, kwamba folda inayosawazishwa si stoo. Ni dirisha tu la kule mtandaoni. Nilichofuta kwenye kompyuta kikafutika na kule, na kwenye simu pia. Kesho yake dada akaniomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe nilichokuwa nimekiskani, sikioni. Kilipatikana kwenye tupio, ambako vilivyofutwa hukaa siku 30. Ingekuwa mwezi umeshapita, ningesema nini?

Kwa hiyo ushauri wangu wote unaanzia hapo: usifute kitu mtandaoni mpaka kila kitu kiwe kimeshuka, kimo kwenye diski yako, na umekifungua kwa macho yako. Nilinunua diski ya nje ya TB 1, nikatengeneza folda moja, ndani yake folda ndogo nne, moja kwa kila akaunti. Hapo sikupanga kitu. Kupanga wakati unashusha ni kujichosha mara mbili.

Kuhusu diski, angalia mambo mawili. Flashi ya TB 2 kwa bei ya chipsi kuku haipo. Hizo huandikiwa ukubwa wa uongo, zikijaa kile kidogo zilichonacho zinaanza kula mafaili bila kelele. Ijaribu kwanza kwa programu ya H2testw. Pili, diski iliyofomatiwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kuiandaa diski kupokea mafaili, haipokei faili linalozidi GB 4. Video ya sendoff ya mdogo wangu, GB 6, iligoma kuingia ilhali diski ilikuwa tupu. Nikaifomati upya kwa exFAT, ikaingia. Fomati kabla hujaweka kitu, maana ukifomati kila kilichomo kinafutika.

Za Google nilizishusha kwa Google Takeout. Unachagua unachotaka, wanakufungia kwenye mazipu (mafaili mengi yaliyobanwa kuwa moja), wanakutumia kiungo. Chagua zipu za GB 2, usidanganyike na za GB 50. Bando likikata katikati au umeme ukizimika, unarudia kipande kimoja badala ya safari nzima. Na usikiache kiungo kikae, kina muda wake wa kuisha. Mimi nilishusha usiku, siku tatu mfululizo, simu iko dirishani ikinisambazia intaneti.

Sasa angalia: Takeout yenyewe inazalisha marudio. Picha iliyo kwenye albamu inakuja mara mbili, kwenye folda ya mwaka na kwenye folda ya albamu. Pia utakuta vifaili vya JSON, vya maelezo ya maandishi, vimefuatana na picha. Usivitupe haraka, baadhi vimebeba tarehe ambayo picha yenyewe haina. Na zile hati za Google Docs unazoziona kwenye folda ya Drive ya kompyuta, zenye mwisho wa gdoc, ni viungo tu. Ukizinakili kwenye diski umenakili anwani, nyumba imebaki kulekule. Takeout inazigeuza kuwa za Word, hizo ndizo za kutunza.

Ndipo nikaingia kwenye marudio. Nilitumia Czkawka, programu ya bure ambayo jina lake kwa Kipolandi ni kwikwi, na kwa kazi hii naona wamelenga. Haiangalii jina la faili. Inalinganisha ukubwa kwanza, kisha yanayolingana inayachukua kitu kama alama ya kidole kutokana na yaliyomo ndani. CV mbili zenye majina tofauti zikiwa sawa herufi kwa herufi, inazikamata. Zikitofautiana nukta moja, inaziacha. Niliweka folda moja kuwa ya rejea, yaani hiyo haiguswi, nakala za vilivyomo humo zilizoko kwingine ndizo zinazotoka. GB 31 zikabaki 19. Usiielekeze kwenye folda za Windows wala za programu. Huko mafaili yanayofanana yapo kwa sababu zake.

Kilichonichukua wikiendi nzima ni picha za WhatsApp. Kuna picha ya bibi amekaa barazani anachambua mchele, ungo mapajani. Nilikuwa nayo mara nne. Ya kwanza, ya simu niliyopigia, ilikuwa MB 4, ina tarehe ndani yake. Nyingine tatu zilizunguka kwenye magrupu ya ukoo zikarudi, kila moja haifiki KB 200, tarehe ya kupigwa imepotea. Kwa alama ya kidole hizo ni picha tofauti kabisa, kwa hiyo hazikukamatwa. Czkawka ina sehemu ya picha zinazofanana kwa sura, itumie, lakini hapo usiiachie ikuchagulie. Mimi nusura nibakize ndogo kwa sababu ilikuwa na jina zuri, "Bibi yetu". Fungua, kuza, tazama ungo: kwenye picha halisi punje zinahesabika, kwenye zile nyingine ni ukungu mweupe.

Nilinakili folda nzima kwenye diski ya pili, nikampelekea dada aitunze kwake. Baada ya hapo ndipo nikarudi mtandaoni kufuta. Nikafuta GB 10 kwenye Drive, nikatazama kipimo: bado kimejaa vilevile. Nikadhani intaneti imeganda. Kumbe vilivyo kwenye tupio navyo vinahesabiwa.

Safari hii nililimwaga bila kusita.