Psara: kisiwa kimepoa hivyo, kulikoni?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tunataka kwenda Ugiriki mwezi wa sita ila sio Santorini wala Mykonos, tumechoka kubanana na watu wa selfi. Kuna mtu katutajia Psara eti kisiwa cha mabaharia wa zamani, sasa nikiangalia picha naona kijiji kimoja tu na vilima vikavu. Kuna cha kuona kweli au tutaboreka?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kama mnataka maduka na miziki mtaboreka, nisikudanganye. Ila hivyo vilima vikavu ndo habari yenyewe. Wagiriki walipoinuka dhidi ya Waosmani, yaani Waturuki waliokuwa wanawatawala, 1821 hawakuwa na jeshi la maji la maana, wakategemea meli za biashara za visiwa vya Hydra, Spetses na hiyo Psara yako, wakazipakia mizinga. Wapsara ndo walikuwa mafundi wa meli za moto, yaani unajaza meli kuukuu baruti na vitu vya kuwaka, usiku unaisogeza mpaka inanasa kwenye manowari ya adui, unawasha halafu unarukia mashua na kupiga makasia kama umechanganyikiwa. Konstantinos Kanaris wa hapo hapo Psara aliilipua hivyo meli ya kamanda wa Waosmani kule kisiwa jirani cha Chios 1822 (huyu huyu baadaye akawa waziri mkuu, tena zaidi ya mara moja).

Waosmani wakaweka kinyongo. 1824 wakaja wakachoma kisiwa kizima, watu wakauawa, wengine wakauzwa utumwani, walionusurika wakatawanyika. Mpaka leo wakazi ni mia kadhaa tu, sasa umeelewa kwa nini kumepoa. Pandeni Mavri Rachi, ule mlima mweusi juu ya bahari, ndipo waliobaki walipojilipua na ghala la baruti maadui wakiwa wameshaingia. Na mwezi wa sita huwa wanafanya kumbukumbu yake, kwa hiyo mnaweza kuikuta.

Kufika: nendeni kwanza Chios, kwa ndege toka Athens au meli ya usiku toka Piraeus, bandari ya Athens, hapo mnachukua boti. Upepo ukichachamaa boti haziendi, hasa Julai na Agosti, so msikate ndege ya kurudi siku ile ile mnayotoka kisiwani, acheni hata siku mbili katikati. Bebeni euro za mkononi na viatu vya kueleweka, Mavri Rachi hapapandwi na ndala.