Kinyama kimerudi na jibu la "sampuli haifai"

SWALI: Mama alikatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa saratani, kwenye titi hapa Tabora, kikapelekwa Mwanza. Baada ya wiki nne tunaambiwa sampuli imeharibika, akatwe upya. Safari hii tuangalie nini? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Mpe mama pole sana. Sampuli nyingi za namna hii haziharibikii njiani. Huharibika palepale chumba cha upasuaji. Nyama ikikosa damu huanza kujimeng'enya yenyewe, na joto la Tabora huharakisha. Kinyama cha titi kizamishwe kwenye formalini, dawa ya maji ya kuhifadhi nyama isioze, ndani ya saa 1. Maji ya dripu hayahifadhi kitu, na barafu huchana seli.

Formalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa, yaani chumvi za kuzuia asidi. Kwa lita moja: mililita 100 za formalini kali, mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za monosodiamu fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu fosfeti. Bila bafa inakuwa na asidi na kuacha madoa meusi yanayomsumbua anayesoma kwa hadubini.

Ujazo wake uwe mara 10 ya kinyama, katika kopo lenye mdomo mpana. Kinyama kinaposhindiliwa kwenye chupa ya dawa kinaingia kikiwa laini, kisha kinakakamaa na hakitoki. Tena formalini hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa: nje kimeiva, katikati kimeoza, mithili ya muhogo mnene ulioepuliwa mapema. Uvimbe mkubwa uchanjwe kila milimita 5 hadi 10 bila kutenganisha vipande, maana kingo zake ndizo zinazoonyesha kama saratani imebaki mwilini.

Lebo ibandikwe ubavuni mwa kopo, kamwe si kwenye kifuniko, na iandikwe kwa penseli: jina, titi la upande gani, saa ya kukatwa, saa ya kuingia formalini.

Halafu siku. Kwa vipimo vya vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni, zinazoonyesha dawa ipi itafaa), kinyama kikae kwenye formalini saa 6 hadi 72. Nje ya hapo kipokezi cha estrojeni kinaweza kusomeka hasi wakati kipo, na mama akanyimwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni hiyo, inayomfaa. Ulizeni sampuli husafiri lini. Kama ni Jumatatu, asikatwe Alhamisi.

SWALI: Ni kweli GeneXpert, mashine yetu ya TB, inapima saratani ya titi? (Mhudumu wa afya, Kigoma)

JIBU: Kweli, ila kwa katriji (kikasha cha kipimo) yake, STRAT4; katriji ya TB haifanyi kazi hiyo. STRAT4 inasoma mRNA (nakala ya maagizo ya jeni) ya jeni nne: ESR1 (kipokezi cha estrojeni), PGR (kipokezi cha projesteroni), ERBB2 (HER2) na MKI67 (kasi ya seli kugawanyika). Haitambui saratani. Inaanzia kwenye kinyama kilichokwisha kugandishwa kwenye nta na kuthibitishwa na mtaalamu wa patholojia kwa hadubini, kwa hiyo yale ya formalini tuliyomjibu msomaji wa Tabora yanakuhusu nawe pia.