Mbunge bora wa Ubungo? Mimi naanza na foleni

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Kati ya wabunge wote waliowahi kuliwakilisha jimbo lako, nani amelifanyia makubwa zaidi?" Nimelisoma nimesimama ndani ya mwendokasi, na nilipoteremka Shekilango lilikuwa bado linanikera. Mmeuliza kana kwamba jimbo ni la mbunge na sisi ni watu wa kupokea. Mimi nimezaliwa Manzese, nikaolewa Makuburi, na kwa jinsi ninavyoijua Ubungo, wabunge huja na kuondoka. Wanaobaki ni wapigakura, na makubwa yaliyofanyika kwetu nayaona zaidi kwao.

Kwa msomaji wa mbali, orodha yetu ni hii. Mwaka 1995 tulimchagua Dk. Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi, chama ambacho nchi nzima kiliambulia majimbo 16 tu, letu likiwamo. Mwaka 2000 akaja Charles Keenja wa CCM, akarudi 2005. Mwaka 2010 ikawa zamu ya John Mnyika wa Chadema. Mwaka 2015 jimbo likakatwa: Mbezi, Goba, Kwembe na kule kote kukawa jimbo la Kibamba, Mnyika akahamia huko, nasi tuliobaki Manzese, Mabibo, Sinza, Mburahati na Kimara tukamchagua Saed Kubenea, mwandishi wa habari aliyewahi kumwagiwa tindikali mwaka 2008. Tangu 2020 tunaye Profesa Kitila Mkumbo wa CCM. Itazameni vizuri orodha hiyo. Tangu vyama vingi virudi, hakuna chama kilichokaa Ubungo zaidi ya vipindi viwili mfululizo bila kung'olewa. Ni majimbo mangapi nchini yanaweza kusema hivyo?

Ndiyo maana, badala ya mbunge, nataka kuzungumzia Jumapili moja. Tarehe 29 Oktoba 1995.

Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo ule urudishwe mwaka 1992. Mimi nilikuwa binti, shahada yangu ya kupigia kura nimeifungia ndani ya daftari isikunjike. Nyumbani tulikuwa tumegawanyika. Baba alikuwa mtu wa Mrema, mgombea urais wa NCCR, tangu enzi zile Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani anatoa siku saba kwa kila mkorofi. Mama alikuwa CCM kwa sababu Mwalimu alikuwa amesimama jukwaani kumnadi Mkapa, na kwake Mwalimu akisema amesema. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa bibi mmoja wa Kizaramo, mwenye kadi ya TANU aliyoihifadhi ndani ya kitambaa. Alikuwa amezoea kura za jembe na nyumba, alama za wagombea wa enzi za chama kimoja: unampenda wa jembe unamtilia jembe, basi. Safari hii alisikia kwamba vyama ni vingi, akaniomba nimfuate asubuhi tuongozane.

Tulifika shuleni kabla hakujapambazuka vizuri, tukakuta foleni imeshazunguka madarasa mawili. "Wamefungua?" Bibi akauliza. Hawajafungua. Makarani walikuwepo, mawakala wa vyama walikuwepo, wamekaa kwenye madawati ya watoto wamekunja mikono. Karatasi za kura hazikuwepo.

Saa nne jua likaanza kuuma. Wengine waliweka mawe kushika nafasi wakaenda kunywa chai, na naapa hakuna jiwe hata moja lililosogezwa. Kijana mmoja mwenye fulana ya NCCR alikwenda kuazima ndoo nyumba ya jirani, akaipindua Bibi aikalie, akijua fika kwamba Bibi ni CCM, maana alikuwa amejifunga kanga ya chama. Adhuhuri ikapita. Zikaanza tetesi: karatasi zimefika Magomeni, hapana, zimefika lakini ni za jimbo jingine, hapana, gari liko njiani. Baba yangu na balozi wa nyumba kumi walibishana juu ya Mrema mpaka sauti zikawakauka, kisha wakagawana kipande cha muhogo. Wanawake wenye watoto wachanga walipokezana, mmoja abebe, mwingine ashike nafasi. Hakuna aliyelipwa kufanya hayo. Hakukuwa na mtu wa kutuimbisha.

Jioni gari likaja kweli. Watu wakapiga makofi. Zilishushwa karatasi chache, wa mbele wakaanza kupiga kura kwa mwanga wa kandili, mama yangu akiwa miongoni mwao. Alitoka na wino kidoleni ananionyesha. Sisi hatukufika. Karatasi ziliisha tukiwa bado mbali na mlango, Bibi akainuka kwenye ndoo akajipangusa kanga, tukarudi nyumbani kwa miguu kimya.

Hayakuwa ya Manzese peke yake. Jiji zima lilivurugika siku ile, uchaguzi wa majimbo yote saba ya Dar es Salaam ukafutwa, ukaitishwa upya tarehe 19 Novemba. Kura ya mama ikaenda na maji. Na hapo katikati matokeo ya mikoani yakawa yanasomwa redioni, kila mtu akaona Mkapa anaongoza. Wapinzani wengi mtaani wakasema hawaendi tena. Baba naye akasema haendi. Asubuhi ya Novemba 19 alikuwa amekaa barazani na redio, Bibi akapita na mkongojo wake.

"Mwanangu, huendi?"

"Niende kufanya nini, Bibi? Rais si ameshajulikana."

"Rais wamekuchagulia wa mikoani. Mbunge wa hapa nani atakuchagulia?"

Baba akaingia ndani akavaa shati.

Foleni ilikuwa fupi, haikufika hata nusu ya ile ya kwanza. Lamwai akashinda. Bibi hakumwambia mtu yeyote alimpigia nani mpaka anaingia kaburini, nami sikumuuliza. Lakini kila ninapoulizwa nani kaifanyia Ubungo makubwa, naiona foleni ya siku mbili zile, ya kwanza iliyonyimwa karatasi na ya pili iliyonyimwa matumaini, na hiyo ya pili bado ikatoa mbunge wa upinzani. Lamwai mwenyewe baadaye alirudi CCM. Hilo ni lake. Kura yetu haikurudi naye.

Sasa nije kwenye mlichouliza, maana nikiishia hapo nitakuwa nimewakwepa.

Nimekaa kuandika haya nikidhani nitamtaja Mnyika. Nilimpigia 2005 akashindwa na Keenja. Kampeni zile zilikuwa za pilau, kofia na kanga, kwa sababu sheria ya wakati ule iliita vitu hivyo takrima na kuviruhusu, hadi Mahakama Kuu ilipovifuta 2006. Nilimpigia tena 2010. Ubungo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka ule vyuo vilifunguliwa baada ya uchaguzi, kwa hiyo wanafunzi waliojiandikisha Mlimani walikuwa makwao siku ya kura. Akashinda bila wao, ana miaka isiyofika 30, na kesi iliyofunguliwa kupinga ushindi wake ikaanguka mwaka 2012. Bungeni alitolewa nje Juni mwaka huohuo kwa kusema Rais ni dhaifu na kukataa kuifuta kauli. Sisi tulijivuna. Kila mkutano aliousimamia alizungumzia maji, maana sote tuliishi kwa madumu, na anayekaa Kimara au Makuburi ya miaka ile anajua dumu moja lilikwenda kwa bei gani kiangazi.

Lakini maji yalikujaje? Yalikuja mtambo wa Ruvu Juu ulipopanuliwa kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi lita milioni 196, na ule wa Ruvu Chini kutoka milioni 180 hadi 270. Hiyo ni kazi ya serikali na fedha za serikali na mikopo. Mbunge wa upinzani hana mtambo. Vivyo hivyo mwaka 2017 nyumba zilipovunjwa kupanua Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, Kubenea upande wake na Mnyika upande wake walipiga kelele, na nyumba zikavunjwa. Nina ndugu walioangalia kuta zao zikilala. Siwalaumu wabunge wale. Nasema tu walikuwa na mdomo, hawakuwa na mkono.

Waliokuwa na mkono ni wawili. Keenja, kabla hajawa mbunge, alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Jiji kuanzia 1996 hadi 2000, baada ya halmashauri ya jiji kuvunjwa. Aliyeiona Dar ya 1995, takataka zimepanda hadi madirishani sokoni Manzese, kisha akaiona ya 1999, hana haja ya kuelezwa. Taka zilianza kuzolewa, mitaro ikazibuliwa, barabara za mitaa zikachongwa. Kitila Mkumbo naye, kabla ya ubunge, alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji. Kwa hiyo waliofanya kazi ya kuonekana waliifanya wakiwa wameteuliwa. Jambo hilo limenisumbua tangu aya tatu zilizopita, kwa sababu linakwenda kinyume na yote niliyoyaandika juu ya foleni.

Basi, kwa swali lenu kama lilivyoulizwa, jibu langu ni Keenja. Sikumpigia kura hata mara moja, na bado nasema ni yeye. Ila mlichapishe na haya. Kwanza, kikubwa alichokifanya hakukifanya akiwa mbunge. Miaka yake kumi ya ubunge, ambayo sehemu yake alikuwa Waziri wa Kilimo, siikumbuki kwa jambo moja la kushika mkononi hapa mtaani. Pili, naamini kabisa, ingawa hamtanikuta na waraka wa kuthibitisha, kwamba Tume ile iliundwa kwa haraka ile kwa sababu Dar es Salaam ilikuwa inaponyoka. Ubungo ilikuwa imekwenda 1995. Oktoba 1996 Temeke ikamfuata Mrema kwenye uchaguzi mdogo. Chama kinachojua kwamba kinaweza kunyimwa kura huzoa taka. Kwa hiyo sehemu ya sifa za Keenja ni za wale waliotoka Novemba 19, akiwamo Bibi, kama alimpigia Lamwai, na hata kama hakumpigia.

Tatu ndiyo inayonipa shida. Tarehe 29 Oktoba 2025, miaka 30 kamili tangu tunyimwe karatasi, kulikuwa na karatasi za kutosha lakini Chadema haikuwemo ndani yake. Jioni ile jiji likawekewa amri ya kutotoka nje, na intaneti ikazimwa. Profesa Mkumbo amerudi bungeni. Sina ugomvi naye. Ni msomi, anayajua maji kuliko wote waliomtangulia, na huenda miaka mitano ijayo mkauliza swali hili tena nikamtaja yeye. Ninachotaka kujua ni kama yeye na wenzake bado wana sababu ya kutuogopa. Keenja alipokuja 2000 alijua jimbo analoliomba lilikuwa limemkataa mwenzake miaka mitano nyuma, na mwaka 2010 chama chake kililipoteza tena.

Kwa hiyo andikeni: Charles Keenja, kwa kazi ya 1996 hadi 2000. Kwa kulisema jimbo, John Mnyika, na kura zangu mbili kwake sizijutii. Mkitaka jina moja tu, andikeni la kwanza.

Msomaji, Makuburi, Dar es Salaam