Arusha kwa miguu, kwa mgeni asiye mtalii

Ukitoka nje ya gesti asubuhi ukiwa Arusha, kabla hujamuuliza mtu njia wala kufungua ramani ya simu, tafuta kwanza Mlima Meru uko upande gani. Mji umekaa kwenye mteremko wa kusini wa mlima huo. Barabara ikikupandisha, unaelekea kaskazini. Ikikushusha, unaelekea kusini. Dira hiyo inatosha kwa siku nzima, isipokuwa pale unapovuka mabonde ya mito, na inafanya kazi hata mlima ukijificha, maana utajificha tu. Asubuhi na mapema unauona wote, zaidi ya mita 4,500. Ikifika saa nne mara nyingi wingu limeshaufunika, na mgeni wa kuchelewa kuamka anaweza kukaa wiki nzima asijue kuna mlima nyuma ya paa la hoteli yake. Miguu lakini haidanganyiki, inajua inapopanda.

Alama ya pili ni mito. Themi na Naura yote miwili inatoka mlimani na kuukata mji kwenda kusini, kwa hiyo ukitembea kutoka mashariki kwenda magharibi utashuka bondeni, utavuka daraja, utapanda tena. Naura ndio wa kuuangalia zaidi. Mashariki yake, upande wa Mnara wa Saa, kuna ofisi, posta, hoteli kubwa na maduka ya vinyago. Magharibi yake kuna soko, stendi, maghala, maduka ya jumla, na watu. Mgawanyo huo haukuja wenyewe: wakati wa ukoloni Wazungu walijitengea mashariki, Wahindi wakawa na mitaa yao ya biashara, Waafrika wakasukumwa mbele zaidi, Kaloleni na Ngarenaro. Ukivuka daraja leo bado tofauti unaisikia kwa masikio. Huku Land Cruiser za safari zinanguruma taratibu, kule makonda wanaita abiria kwa pumzi zote.

Kazi yangu ya ukaguzi wa hesabu hunitembeza mikoani, na nikimaliza ripoti huwa naomba siku moja iwe yangu. Wenzangu hawanielewi. Kwetu kuzunguka mji kwa miguu, unatazama tu, ni shughuli ya Wazungu wenye mabegi mgongoni. Mtanzania akifika mji wa watu hutoka semina akaenda kula, akatoka kula akaenda kulala, akarudi kwao akasema Arusha baridi. Hapo amemaliza kuielezea Arusha.

Na Arusha imezidi kwa hilo, kwa sababu inaishi kwa utalii na imezoea kumweka binadamu kwenye mafungu mawili: mgeni wa kupelekwa mbugani, na mwenyeji mwenye shughuli zake. Wewe usiye huyu wala yule utaulizwa, "Dada, umepotea?" Mimi hujibu, "Hapana kaka, natembea tu, mimi mgeni hapa." Wengi huishia kunielekeza kitu ambacho sikukijua. Ule ushauri wa kujifanya mwenyeji ili usiibiwe siufuati. Lafudhi yangu ya Tanga hunisaliti kabla sijamaliza salamu.

Sehemu za kuingia ndani ziwe mbili, zikizidi sana tatu. Ukiandika kumi, siku nzima utaitumia kutazama saa. Mimi hupanga duara moja: Mnara wa Saa, Boma, Barabara ya Makongoro, Mnara wa Mwenge, Soko Kuu, kisha Barabara ya Sokoine. Duara lote ni kama kilomita tano. Mtu mwenye haraka analimaliza kabla ya chai ya saa nne. Lipe siku nzima.

Mnara wa Saa pita tu. Utaambiwa umesimama katikati kabisa ya Cape Town na Cairo. Piga mstari ulionyooka kwenye ramani uone mwenyewe: katikati inaangukia Congo. Picha piga lakini, kila mtu anapiga. Vijana wa kuuza safari na vinyago hukusanyika hapo. Wakisikia Kiswahili chako wengi watakuacha, na atakayeng'ang'ania mwambie "Asante mdogo wangu, siku nyingine" huku miguu inaendelea. Ukisimama umeshaanza biashara.

Kutoka hapo panda Barabara ya Boma mpaka ufike Boma lenyewe, ngome ya Wajerumani ya mwaka 1900, ambayo sasa ni makumbusho ya elimu ya viumbe. Beba kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje na mlangoni wana haki ya kukuuliza. Kabla ya kuingia, zitazame zile kuta. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa kule Meru. Wajerumani wakajibu kwa kuwapiga Waarusha na Wameru, kuteka ng'ombe wao na kuteketeza makazi, na ilipofika zamu ya kujenga ngome, walioshindwa ndio waliolazimishwa kufanya kazi. Ukishalijua hilo hutapita getini kwa wepesi ule ule.

Ndani, kaa kwenye habari za asili ya binadamu. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ilikuta kule Laetoli, Ngorongoro, nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Mimi niliyeingia nikilalamikia lengelenge moja la kisigino nilitoka kimya.

Hapo karibu utaona pia jengo kubwa la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa. Huna la kufanya ndani, ila simama kwa mbali ulitazame. Lilijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika mwaka 1977, na mabawa yake matatu yanaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Humo ndimo ilimokaa Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Na ni mahakama hiyo, Septemba 1998, iliyomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa kosa la mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Nilimuuliza kijana wa bajaji aliyeegesha nje jengo lile ni la nini. "La semina," akasema. Hakukosea. (Simu irudishe mfukoni ukiwa karibu na majengo ya serikali, mahakama na polisi. Picha moja inaweza kukugharimu asubuhi nzima ya maelezo.)

Sasa shika Makongoro, shuka bondeni, vuka Naura, panda, mpaka kwenye mzunguko wa Mnara wa Mwenge. Pembeni yake kuna nyumba ambayo ukiipita kwa haraka utaidhania ofisi ya kata. Ulikuwa ukumbi wa jamii wa Kaloleni. Humo, Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikaa na kulipitisha Azimio la Arusha, lile la ujamaa na kujitegemea. Likatangazwa Februari 5, na kesho yake tu mabenki yakaanza kutaifishwa. Leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, na kama una nguvu ya kuingia sehemu moja tu siku hiyo, ingia hapa, Boma utalirudia.

Sisi wengine Azimio tulilijua kama swali la mtihani: taja masharti ya uongozi. Ukayataja, ukapata alama, ukasahau. Ukisimama kwenye ukumbi wenyewe unapata kitu ambacho daftari halikukupa, yaani kwamba maamuzi yaliyobadilisha mshahara, shamba na benki ya kila mtu nchini yalifanywa na watu waliokaa kwenye viti chumba kimoja, si kikubwa, mtaa wa kawaida. Na yale masharti! Kiongozi asiwe na mishahara miwili wala zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Kwa mkaguzi wa hesabu, kuyasoma upya maneno hayo ni burudani ya aina yake. Siku niliyokwenda hapakuwa na mgeni mwingine, na mhudumu alifurahi kuulizwa maswali. Waulize. Wanajua kuliko kilichoandikwa, na siku nyingine hukaa muda mrefu bila mtu wa kumweleza.

Uwanja wa mpira ulio jirani ni wa Sheikh Amri Abeid. Yeye alikuwa mshairi, na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Nionyeshe mji mwingine uliokipa kiwanja cha mpira jina la mshairi.

Kuanzia hapa usiulizie barabara kwa majina yaliyo kwenye vibao, hayatumiki sana midomoni. Uliza alama: stendi, sokoni, Metropole, Friends Corner. Na usiulize mwisho wa safari, uliza hatua inayofuata, kwa sababu "hapo tu mbele" ya mtu wa Arusha ina urefu wake. Wa kumuuliza ni mama mwenye biashara au mlinzi wa getini. Wako mahali pamoja kutwa, na hawana safari ya kukuuzia.

Sokoni fika na njaa, saa saba hivi. Nenda kwa mama lishe ambaye masufuria yake yanakaribia kuisha, si yule yaliyojaa. Ndizi nyama utapata kirahisi, makande pia. Ukibahatika ukakuta loshoro, mahindi na maziwa mgando, agiza hiyo na uache mambo ya wali, wali unao kwenu. Ukishashiba ndipo uzunguke. Kwa mtu wa pwani kama mimi, meza za maharage peke yake ni maonyesho: ya njano, mekundu, ya madoadoa, kila fungu na bei yake na sababu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, hii ni soya njano, inaiva upesi na haijazi tumbo."

"Mimi mgeni, mama. Niko gesti, sina hata jiko."

"Basi kaa hapo kwenye kiroba upumzishe miguu."

Nikakaa. Sikununua maharage, nilinunua parachichi mbili kwa jirani yake ili kiti nisikikalie bure, na katika muda ule nikaambiwa kifodi (daladala ndogo) cha kupanda, mtaa wa kutopita jioni, na binti wa nani anaolewa Jumamosi. Panga muda wa kukaa kama unavyopanga wa kutembea. Bila huo utarudi na picha za majengo tu.

Mengine ni madogo lakini yanaharibu siku. Vaa raba zenye soli ngumu, mitaro mingi iko wazi na pembezoni mwa barabara pana mashimo. Machi hadi Mei kuna tope juu yake. Juni na Julai utatoka na sweta, na kufika mchana utalifunga kiunoni, kwa hiyo liwe jepesi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ubaridi unakudanganya wakati jua linachoma, beba kofia na maji. Choo tumia cha makumbusho au cha mgahawa ulikokunywa chai, cha stendi kiwe cha dharura. Noti ndogo ziwe mfuko wa mbele, pochi usiitoe ukiwa sokoni.

Jua likianza kushuka, tembea Sokoine kurudi mashariki ukitazama juu ya mabango, kwenye ghorofa za zamani za Wahindi ambazo mchana huzioni kwa msongamano wa chini. Geuka kabla ya giza. Kwenye mabonde ya mito na madaraja usipite kwa miguu usiku, hapo chukua bajaji, na nauli mpatane kabla hujakaa. Kama tumbo bado lina nafasi, mwambie akushushe Mtaa wa Msikiti, karibu na soko, ambako kuna duka la spea za magari ambalo kwa miaka mingi limekuwa likitoa majiko barabarani jioni na kuchoma kuku na mishikaki. Omba kukaa karibu na moto, hasa kama lile sweta uliliacha gesti.