Barua kwa mwanangu: farasi wa Sulemani na farasi wa Ufunuo

Masasi

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo. Bibi yako kifua kimetulia, na juzi amekula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, hadi tukamwonea wivu.

Swali lako nimelipata. Unasema Torati inamkataza mfalme kujilimbikizia farasi, na Zaburi inawacheka wanaowategemea; imekuwaje basi Yesu, aliyeingia Yerusalemu na mwanapunda, arudi katika Ufunuo amepanda farasi mweupe? Tena mhubiri wa huko Dodoma amewaambia kwamba huyo ndiye yule mweupe wa sura ya 6. Kwenye simu tungekatikiana, ndiyo maana nimekuandikia.

Kwanza toa kichwani farasi wa kwenye filamu, anayevuta jembe shambani. Katika Biblia jembe ni la ng'ombe, mzigo ni wa punda, safari ya jangwani ni ya ngamia. Farasi, karibu kila anapotajwa, ni mnyama wa vita na wa wakubwa. Si kwamba Mungu anamchukia. Soma Ayubu 39 uone anavyomsifu: anaparapara bondeni, ananusa vita kwa mbali, tarumbeta ikilia hashikiki. Huku kusini hatukumzoea, maana mbung'o hawakumpa nafasi. Yule mmisionari na msafiri Livingstone alipoanzia safari yake huku Mikindani na Ruvuma mwaka 1866 alileta ngamia, nyati wa kufugwa, punda, na nyumbu wale chotara wa punda na farasi. Wengi wakafia njiani, kwa mbung'o na kwa kutotunzwa. Farasi wenyewe hata hakuwaleta.

Sasa Torati. Kumbukumbu 17 inamwambia mfalme asizidishe farasi, wala asiwarudishe watu Misri kwa ajili ya kuwatafuta. Hapo ndipo penye uzito. Misri walitoka wakiwa watumwa, na magari 600 ya Farao yalizama baharini, Miriamu akaimba, "Farasi na mpanda farasi amewatupa baharini." Wayahudi wanausoma wimbo wa bahari ile katika sala ya kila asubuhi hadi leo. Halafu anakuja Sulemani. Kitabu cha Wafalme kinamhesabia magari 1,400 na wapanda farasi 12,000, na bei hakikuificha: gari kutoka Misri shekeli 600 za fedha, farasi 150. Sasa fungua Kutoka 21. Ng'ombe akimpiga mtumwa pembe akafa, fidia kwa bwana wake ni shekeli 30. Farasi mmoja, watumwa watano. Mimi nikisoma hesabu hiyo nikiwa Masasi, mji uliokua kutokana na watu waliokombolewa utumwani, ambao Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana alifika nao hapa mwaka 1876, siwezi kuipita haraka.

Marabi, walimu wa Kiyahudi, nao hawakumwachia Sulemani. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, wanasema alijiamini: nitazidisha farasi na sitawarudisha watu. Kisha wanakuwekea mbele mstari ule ule wa magari yaliyopanda kutoka Misri kwa 600, basi, bila maneno mengi. Napenda watu wanaojua kunyamaza mahali pake.

Utaona pia kwamba kila mwana wa Daudi anayetaka kiti kwa nguvu huanza na usafiri. Absalomu alijitengenezea gari na farasi na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake. Adonia akafanya vilevile. Lakini Sulemani siku ya kutawazwa alipandishwa nyumbu wa baba yake! Kwa hiyo Zekaria 9 anapomleta mfalme mnyenyekevu juu ya punda, hasemi kwamba mfalme huyo ni maskini. Mstari unaofuata unaeleza: farasi wataondolewa Yerusalemu, na upinde wa vita utavunjwa. Huyu ni mfalme asiyekuja kupigana, na Yesu alichagua mnyama huyo huyo akijua watu watasoma nini.

Kuna kisa kingine cha Talmudi kitakuchekesha. Mfalme Shapur wa Uajemi alimtania rabi Samweli: mnasema Masihi wenu atakuja na punda, basi nitampelekea farasi wangu mzuri. Samweli akamjibu: kwani unaye wa rangi mia?

Tuje kwenye Ufunuo 6, wanapotoka farasi wanne wa rangi nne, kila mmoja na mpanda wake. Mwekundu ni vita, wa kijivujivu ni mauti, hao wawili hawahitaji mwalimu. Wa kukaa naye ni mweusi. Mpanda wake hana upanga, ana mizani mkononi, na sauti inatangaza "kibaba cha ngano kwa nusu rupia", ujira wa kibarua wa kutwa, halafu inaonya mafuta na divai visiguswe. Chakula cha mnyonge kinapanda, meza ya mwenye nacho haitikisiki. Sisi watu wa korosho tunamjua huyo bwana. Ni yule wa kangomba, mlanguzi wa korosho, anayekuja na kipimo chake mwezi ambao huna hata ya chumvi, na korosho yako ikiwa bado juu ya mti.

Na mweupe? Hapa watu wamegawanyika tangu zamani. Ireneo, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 2, alisema ni Kristo. Wengi baadaye wamemwona mshindi wa kidunia, au Kristo wa uongo. Mhubiri wako basi hayuko peke yake, ila mimi simfuati. Wa sura ya 6 ana upinde, anapewa taji moja, anatoka ashinde, na nyuma yake zinafuata damu, njaa na kaburi. Wa sura ya 19 anaitwa Mwaminifu na wa kweli, ana vilemba vingi, na upanga wake unatoka kinywani. Tena tazama vazi lake: limeshachovywa katika damu kabla vita haijaanza. Wapo wanaosema ni damu ya adui, kwa sababu ya Isaya 63. Mimi naona ni yake mwenyewe, maana kitabu kizima kinamwita Mwanakondoo aliyechinjwa. Farasi ni wa mshindi, ndiyo, lakini ushindi wenyewe alikwisha kuupata bila farasi.

Ndiyo maana sioni mgongano uliouona wewe. "Hawa wanataja magari na hawa farasi," inasema Zaburi ya 20, na kosa liko katika hilo la kutaja, la kuegemea. Mungu mwenyewe ana farasi wa moto. Soma 2 Wafalme 6 taratibu. Washami wanauzingira mji wa Dothani usiku kwa farasi na magari, mtumishi wa Elisha anatetemeka, kisha anafumbuliwa macho na kuona mlima umejaa farasi wa moto. Ungetegemea mauaji. Badala yake Washami wanapigwa upofu, wanaongozwa hadi Samaria, mfalme anauliza, niwapige? Elisha anasema wapewe mkate na maji. Wakaandaliwa karamu kubwa, wakala, wakarudi kwao. Farasi wa moto hawakukanyaga mtu.

Mengine: korosho zetu ziko ghalani, tunasubiri mnada. Mdogo wako amekwisha piga hesabu ya bodaboda kwa pesa ambayo haijaingia. Mpigie umsikilize, mimi ananiona namkatisha tamaa. Na ukija, niletee miwani ya kusomea, hii imelegea mguu mmoja.

Mama yako