Seattle ina watu wangapi, na ni kisiwa kama chetu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu amepata nafasi ya chuo Seattle, Marekani, na aondoka Septemba. Kitabu chake cha jiografia chasema mji huo una watu laki saba na ushei. Mjomba wake, aliyewahi kushuka huko akiwa baharia, ashikilia ni milioni nne. Nani mkweli? Na je, ni kisiwa kama Mombasa, chenye feri na madaraja ya kuelea?
Mama wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kijana.

Wote wawili ni wakweli. Sensa ya Marekani ya 2020 ilihesabu watu 737,015 ndani ya mipaka ya mji wenyewe. Milioni nne za mjomba zimekusanya na miji ya kandokando: Bellevue, Renton, Kent, hadi Tacoma kule kusini. Fikiria Mtwapa. Mtu amepanga Mtwapa, kazi yake iko Mwembe Tayari, ukimuuliza atakwambia yuaishi Mombasa. Lakini karani wa sensa humwandika Kilifi, kwa kuwa amevuka mkono wa bahari. Seattle imezungukwa na akina Mtwapa wengi.

Kwa ukubwa wa ardhi tunalingana mno. Seattle ina kilomita za mraba 217 za nchi kavu, kaunti yetu kama 220. Ila sisi, kwa sensa ya 2019, tulikuwa 1,208,333, kwa hiyo tumebanana zaidi. Tena miji hii miwili ni ndugu rasmi tangu 1981, na hilo hata wanafunzi wangu wengi hawakuwa wakilijua.

Kisiwa, la. Seattle ni shingo ya nchi: magharibi kuna Puget Sound, mkono wa bahari ulioingia ndani sana, na mashariki kuna Ziwa Washington, maji matamu. Katikati wamechimba mfereji wa kupitisha vyombo. Ziwa liko juu ya bahari kwa kama mita 6, hupungua au kuzidi maji yakijaa na kupwa, basi mashua huingizwa kwenye chumba cha maji, lango likafungwa nyuma yake, maji yakajazwa taratibu mpaka ikalingana na ziwa, ndipo lango la mbele likafunguliwa. Kijana asikose kwenda kuyaona malango hayo pale Ballard, mtaa wa Seattle.

Feri zipo. Ile ya kwenda kisiwa cha Bainbridge huchukua dakika 35, si huu mruko wetu wa Likoni.

Na madaraja ya kuelea ndiyo yanayonigusa mimi. Nilipokuwa mdogo, kabla ya daraja la sasa la Nyali la 1980, tulivuka daraja lililoelea juu ya maji. Mama alinishika mkono kwa nguvu, na gari lilipopita nilihisi njia ikizama kidogo chini ya miguu yangu, kisha ikainuka. Wenzetu wa Seattle wameelea kwa sababu ziwa lina kina cha zaidi ya mita 60 na chini yake ni matope laini. Nguzo hazina pa kusimama vizuri. Wakaunganisha masanduku makubwa ya zege, matupu ndani, yakafungwa kwa nanga. Lile la 2016 lina urefu wa zaidi ya mita 2,300, na hakuna la kuelea lililo refu kulishinda duniani. Novemba 1990 moja la zamani, likiwa kwenye matengenezo, liliingiwa na maji wakati wa dhoruba na sehemu yake ikazama. Alhamdulillahi, hakufa mtu.

Kuhusu mvua, usiogope sifa zake. Kwa mwaka hupata kama milimita 950, na sisi hupita 1,000. Ila yao ni manyunyu ya siku nyingi mfululizo, na Desemba jua huzama saa kumi na dakika 20 za jioni. Hilo giza ndilo litakalomkumba. Mpigie simu sana miezi hiyo.

Uwanja wa ndege atakaoshukia uko SeaTac, mji mwingine kabisa, kusini. Na akiambiwa chumba kiko "Seattle", aulize kwanza kiko mji gani hasa, na basi au treni ya kufika chuoni huchukua muda gani, kabla ya kutuma hata senti moja.